Barua ya Mlimani: Posta na Wajibu Wake kwa Umma

Barua itiwayo sandukuni mjini Morogoro ili ipelekwe Bukoba, na ile ipelekwayo Kilosa, ambako ni safari ya saa chache tu, hulipiwa stempu ya bei moja ikiwa uzito wake ni mmoja. Karani wa posta haulizi njia ni ndefu kiasi gani, wala kama barabara ni ya lami au ya tope, wala kama apelekewaye ni mkurugenzi wa shirika au mkulima wa njegere wa Tchenzema. Jambo hili tumelizoea mno hata hatulioni tena kuwa ni la ajabu. Mwenye lori hatozi hivyo; mwenye basi hatozi hivyo; hata mpagazi wa zamani hakutoza hivyo. Kila mchukuzi hudai ujira kwa kadiri ya masafa na taabu. Posta ndiyo iliyojifunga kwa ahadi kwamba taabu ya njia ni mzigo wa taifa zima, wala si adhabu ya yule aliyezaliwa mbali na reli.

Ahadi hiyo ina tarehe yake. Huko Uingereza, kabla ya mwaka 1840, aliyelipia barua kwa kawaida alikuwa ni mpokeaji, naye alilipa kwa kadiri ya umbali. Maskini wengi waliziacha barua zao mikononi mwa mjumbe kwa kukosa fedha. Rowland Hill alipofaulu kuleta stempu na bei moja kwa nchi nzima, mwandishi ndiye aliyelipa, na umbali ukaacha kuhesabiwa. Tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zilikutana mjini Bern, Uswisi, zikaunda umoja wa posta wa dunia ili barua iliyolipiwa mara moja itokako ipite mipaka yote bila kutozwa tena. Tanganyika iliingia katika umoja huo mwaka 1963, na Umoja wa Posta wa Afrika, ulioundwa mwaka 1980, una makao yake makuu Arusha.

Katika makala haya tutaitazama ahadi hiyo tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani mji wa Morogoro na kata yake ya Mafiga, pamoja na milima ya Uluguru iliyousimamia mji huo upande wa kusini. Tumechagua mahali hapa kwa sababu ndipo tambarare inapokutana na mlima. Hadi mjini, barua imefika kwa urahisi tangu mwaka 1907. Kutoka mjini hadi Mgeta, Kolero au Kinole, imekuwa ni habari nyingine kabisa, na katika habari hiyo ndimo tunamoweza kuipima ahadi yenyewe.

Kabla ya posta kulikuwa na msafara. Morogoro ulikuwa kando ya njia kuu iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na Kisabengo, aliyejenga mji wake wenye boma la mawe chini ya milima katika karne ya 19, alijua vema thamani ya kukaa njiani. Baada yake alitawala bintiye, na mji ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alipita hapo mwezi Aprili 1871 akimtafuta David Livingstone. Safari yake yatufundisha jambo kuhusu barua za wakati ule. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Tabora Juni, na huko akaukuta mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, ambaye hakumpenda Balozi John Kirk na kwa hiyo asisomwe bila tahadhari, watu waliokabidhiwa mfuko huo walikaa Bagamoyo siku kama mia moja, wakaondoka tu waliposikia kwamba Balozi yuko njiani kuja. Stanley aliuchukua akamkabidhi Livingstone huko Ujiji, Novemba 1871. Barua za mtu mashuhuri kuliko wote waliokuwa bara wakati ule, zikiwa na serikali kubwa nyuma yake, zilitumia mwaka mzima, na hata hivyo zilifika kwa bahati.

Tusidhani kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na barua mpaka alipokuja Mzungu. Waswahili wa pwani walikuwa wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, kwa adabu na utaratibu wake: kwanza salamu, kisha habari ya afya, kisha shauri lenyewe, na mwisho salamu za wote waliomo nyumbani. Barua ilikwenda kwa mkono wa mtu mwaminifu aliyetajwa juu ya karatasi. Huo ulikuwa ni utaratibu wa kujuana. Aliyekuwa na ndugu katika msafara aliandika. Asiyekuwa naye alinyamaza.

Wajerumani walifungua posta zao za kwanza katika nchi hii, Dar es Salaam na Bagamoyo, mwezi Oktoba 1890. Mwaka 1893 stempu za kwao zilipigwa chapa ya thamani ya pesa, ile sarafu ndogo iliyotumika pwani pamoja na rupia. Kutoka pwani kwenda bara barua zilibebwa na matarishi, vijana wenye miguu myepesi waliopokezana mifuko kutoka boma hadi boma. Stempu huonyesha kichwa cha mfalme au picha ya merikebu. Hatujaona stempu ya siku zile yenye picha ya tarishi, ingawa yeye ndiye aliyekuwa posta yenyewe. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 kwa jasho la maelfu ya vibarua Waafrika, na tangu hapo mfuko uliokuwa ukibebwa kwa siku nyingi ukawa ni mzigo wa siku moja.

Lakini posta hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya boma, ya wamisheni, ya wenye mashamba ya mkonge na ya wafanyabiashara. Mluguru wa kawaida aliiona barua mikononi mwa akida, ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, nayo kwa kawaida ilidai kodi au watu wa kazi. Hapa pana kinaya ambacho walimu wa historia wangefaa kukionyesha kwa wanafunzi wao: serikali ya kigeni, kwa kutaka amri zake zisomeke kila mahali, iliisaidia lugha ambayo baadaye ndiyo iliyowaunganisha wananchi kuiondoa serikali ya kigeni. Watawala hao waliithamini posta kama alama ya utawala hata katika dhiki. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, walichapisha stempu katika mtambo wa misheni huko Vuga, Usambara. Agosti mwaka huo huo Morogoro ukatekwa.

Chini ya Waingereza zilikuja stempu zenye kichwa cha twiga, mwaka 1922, na mwaka 1933 posta ya Tanganyika ikaunganishwa na zile za Kenya na Uganda. Mambo ya utawala huo hayatuhusu sana hapa. Linalotuhusu ni kwamba wakati huo ndipo Waafrika walipoanza kuifanya posta kuwa yao, na waliifanya hivyo kwa kalamu. Mwezi Januari 1923 lilianza gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam. Serikali ilikusudia liwe la mafundisho; wasomaji walilifanya baraza. Karani wa stesheni, mwalimu wa shule ya misheni, mpishi na askari, kila mmoja alitia shairi lake katika bahasha, akabandika stempu, akangoja mwezi ujao aone kama limetoka. Mshairi wa Tanga alitoa fumbo, wa Dodoma akalijibu, wa Unguja akampinga, nao huenda hawakuonana kwa macho maisha yao yote. Malumbano ambayo zamani yalitaka watu wakae jamvi moja sasa yalikwenda kwa treni. Atakayeandika historia ya ushairi wa Kiswahili wa karne ya 20 bila kuitaja posta atakuwa ameeleza mto bila kutaja bonde lake. Shaaban Robert naye, aliyekuwa mtumishi wa serikali mwenye kuhamishwa huku na huko, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kwa zaidi ya miaka 25, na barua hizo, zilizohifadhiwa na kuchapwa baadaye, zatuonyesha maisha yake kuliko maelezo ya watu wengine.

Posta ilibeba pia madai. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, mwananchi aliyeonewa aliweza kuandika malalamiko yake na kuyatuma hadi New York, na wengi walifanya hivyo. Huku Uluguru, mpango wa matuta uliolazimishwa juu ya wakulima ulizaa machafuko mwaka 1955. Chini ya utawala uliowanyima watu kura, haki ya kuandika na barua ikafika haikuwa jambo dogo.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, taifa lilirithi posta iliyokuwa nzuri kwa wachache. Msingi wake ulikuwa ni sanduku la posta. Mtu hakupelekewa barua nyumbani. Alikodi sanduku katika ofisi, akapewa ufunguo, akaenda mwenyewe kuangalia. Utaratibu huu ulifaa nchi ambayo nyumba zake hazikuwa na namba na mitaa yake haikuwa na majina, na ulikuwa wa gharama nafuu. Lakini sanduku hukodiwa kwa fedha, na liko mjini. Hivyo basi watu wengi walipata barua kupitia sanduku la mtu mwingine: la mwajiri, la misheni, la duka, na zaidi ya yote, la shule.

Hapa ndipo tunapofika katika kiini cha makala haya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilitekelezwa mwaka 1977, na nchi ikajitahidi kuweka shule katika kila kijiji. Hakuna aliyesema kwamba shule hizo ni posta. Hata hivyo ndivyo zilivyokuwa. Barua ya mama wa Kibungo au babu wa Tegetero iliandikwa jina lake, chini yake jina la shule, na chini yake namba ya sanduku la posta na neno Morogoro. Mwalimu aliyeshuka mjini mwisho wa mwezi kufuata mshahara alirudi na fungu la barua mfukoni. Asubuhi, baada ya wimbo na ukaguzi wa usafi, aliyaita majina mstarini, na mtoto wa kitongoji husika akapiga mbio mbele kuipokea. Jioni barua ilipanda mlima ndani ya daftari la hesabu. Malori ya mboga ya Mgeta, wanawake waliorudi sokoni na vikapu vitupu, makatekista na walimu wa madrasa, wote walikuwa matarishi wasiokuwa na mshahara. Serikali ilitimiza ahadi yake hadi kwenye sanduku. Sehemu iliyobaki, ambayo mlimani yaweza kuwa ndiyo ngumu kuliko zote, ilitimizwa na wananchi wenyewe, bila kuandikwa katika hesabu za shirika lolote.

Aliyeipeleka barua mara nyingi ndiye aliyeisoma. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Bibi aliketi kizingitini, mjukuu akasoma kwa sauti, na majirani, kwa adabu, wakajifanya hawasikii. Barua ya namna hiyo haikuwa na siri, na mwandishi alijua hivyo. Aliandika kwa namna ambayo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuisoma bila aibu kumpata mtu. Jambo la faragha lilifichwa katika methali au likangoja likizo. Kampeni ya kisomo ilipoanza, wapo waliojiunga kwa sababu hii hasa: walitaka kusoma barua za watoto wao pasipo mkalimani. Kiwango cha wasiojua kusoma kilishuka kufikia asilimia 39 mwaka 1975, asilimia 27 mwaka 1977, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ilianzisha elimu kwa njia ya posta, masomo yakisafiri katika bahasha kwenda na kurudi yamesahihishwa, kiasi kwamba mtumishi aliye mbali na chuo aliweza kujiendeleza baada ya kazi. Tukiongeza maelfu ya kadi za salamu zilizotumwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zikasomwa hewani majina mpaka msomaji akaishiwa pumzi, tutaona kwamba stempu moja iliweza kumfikisha mkulima mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika.

Wakati huo huo mji ulikuwa unakua. Viwanda vilijengwa Morogoro katika miaka ya 1970 na 1980, vya viatu, vya ngozi na vya nguo, na wafanyakazi wakatafuta vyumba vya kupanga katika mitaa kama Mafiga. Jina lenyewe la Mafiga ni yale mawe matatu yabebayo chungu, na huenda si vibaya kukumbuka kwamba chungu cha nyumbani kilibebwa na mshahara wa mjini. Mfanyakazi alijaza fomu ya hawala dirishani posta, akalipa fedha na ada kidogo, na baba yake akazipokea katika posta iliyo karibu na kijiji. Wengine waliona ada ni hasara, wakatia noti ndani ya bahasha iliyokunjwa kwa ustadi. Baadhi ya noti hizo zilifika.

Jirani na Mafiga, katika shamba la zamani la mkonge la Mazimbu, kulikuwa na wananchi wa aina nyingine waliongoja barua. Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi hiyo mwaka 1977, wakajenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wale hawakuweza kuwaandikia wazazi wao moja kwa moja bila kuwatia hatarini. Wengi walitumia majina ya bandia. Ilijulikana pia kwamba bahasha yaweza kuua. Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 alipofungua kifurushi kilichofichwa bomu ndani ya kitabu, na Ruth First akauawa Maputo mwaka 1982 kwa njia kama hiyo. Ni vema kijana wa leo ajue kwamba kufungua barua kwa moyo mtulivu ni matunda ya amani. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, nayo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, stempu za pamoja na shirika la pamoja vilikwisha, likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Katika mashirika ya aina hiyo duniani kote, simu ndiyo iliyokuwa na faida na barua ndiyo iliyokuwa na hasara. Fedha za mfanyabiashara aliyepiga simu ng'ambo zilisaidia kulipia gari la barua za vijijini. Msomaji ataona kwamba huu ndio uliokuwa ufunguo wa bei moja. Sheria ya mwaka 1993 ilivitenganisha viwili hivyo, na tangu Januari 1994 Shirika la Posta Tanzania limesimama peke yake. Benki ya Posta ilikuwa imekwisha kutengwa kwa sheria ya mwaka 1991. Palikuwa na sababu za kiuchumi za kufanya hivyo, nasi hatukusudii kuzibeza. Lakini wajibu uliachwa kwa yule aliyekuwa dhaifu, na nyama ikapewa wengine. Kisha zikaja simu za mkononi, na kuanzia mwaka 2008 hawala kwa simu, na dirisha la hawala likapungukiwa na wateja. Vifurushi navyo vikahamia mabasi. Nenda kituo cha Msamvu, si mbali na Mafiga, uone mabunda yakipakiwa kwenda Mwanza na Mbeya, mapesi na ya kutegemewa. Ila basi huenda kule kwenye abiria, nalo hutoza kwa masafa.

Serikali haikuuacha wajibu huo bila mwenyewe. Mwaka 2006 ilitungwa sheria ya kuunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili wenye kupata faida mijini wachangie huduma za kule kusikokuwa na faida. Ni ile hesabu ya zamani ya simu na barua, ikiandikwa upya. Mwaka 2022 ikafuata operesheni ya anwani za makazi na postikodi katika nchi nzima. Sasa mitaa ya Mafiga ina majina na nyumba zina namba, na msimbo wa mkoa wa Morogoro huanza na tarakimu 67. Kwa mara ya kwanza tangu tarishi wa Kijerumani, nyumba ya mwananchi wa kawaida inajulikana ilipo hata kama hana sanduku.

Namba huonyesha mahali, lakini haitembei. Katika vitongoji vya juu vya Mgeta, kule gari lisikoingia, barua ya mahakama, ya hospitali au ya chuo ikifika shuleni leo, bado hupanda mlima ndani ya daftari la mtoto.